Sakafu Sita za Patrobas

Halimo alikataa kutia kidole.

Watu walikuwa wamekusanyika tangu saa tatu, Jumamosi hiyo ya mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na sita, mbele ya vyoo sita vipya vya Mukuru kwa Reuben. Viti vya kukodi vilipangwa, soda zikatiwa kwenye beseni la maji. Bwana Wanyoike wa shirika lililotoa pesa alikuja na faili lake la kijani, na mwenyekiti wa kamati, Mzee Mulama, alikuwa ameshaomba, akahutubu, kisha akaomba tena. Mwenye kazi, fundi Patrobas Opicho, alisimama kando ya ukuta wake na viatu alivyovipiga kiwi kwa ajili ya siku hiyo. Kilichobaki ni sahihi tano za wanakamati kwenye cheti cha kumaliza kazi. Nne zilipatikana kabla ya soda ya kwanza kufunguliwa. Ya tano ilikuwa ya Halimo, mama Msomali muuza chai, aliyechaguliwa kuwasemea Waislamu wa upande ule. Hakujua kuandika, kwa hiyo alifunguliwa kibweta cha wino.

"Mimi sitii kidole," akasema.

"Mama Sabrin, ni kidole tu," Mulama akambembeleza. "Hakiumi."

"Leo hakiumi."

Vijana wakacheka. Wanyoike hakucheka. Akauliza kwa upole kasoro iko wapi. Ukuta umepinda? Mlango haufungi?

"Ukuta mzuri. Mlango mzuri." Halimo akavuta mtandio wake mbele kidogo, maana maneno yenyewe hayakuwa ya kusemwa mbele ya wanaume. "Lakini sisi hatuwezi kuingia. Kibla iko kule." Akanyoosha mkono upande wa Makadara. "Akiingia mtu vyumba vya huku, akichutama, uso uko Kibla. Akiingia vya kule, mgongo uko Kibla. Yote mawili kwetu haifai. Mngeweka ubavu tu."

Patrobas alihisi damu ikimpanda masikioni. Jamani! Ukuta ule aliupima kwa kamba na kipima maji mpaka vibarua wakamwita Daktari. Sakafu zake ukimwaga kikombe cha maji hayabaki. Alikuwa ameachishwa kazi kiwandani mwaka uliopita pamoja na wenzake mia moja, akasimama malangoni mwa viwanda vya Industrial Area akiuza nguvu zake kwa siku, na hii ndiyo kazi ya kwanza iliyoandikwa kwa jina lake mwenyewe. Tena Wanyoike alikuwa amemwahidi: cheti kikitoka safi, vyoo vingine kumi na vinane vya mtaa wa pili ni vyake.

"Mama, choo ni choo!" akasema, sauti ikipanda kuliko alivyotaka. "Nimefuata ramani. Ramani ilipitishwa na kamati, na wewe ni kamati!"

Wanyoike akafunua faili. Kweli, ramani ilipitishwa Ijumaa, saa saba na nusu mchana. Waliohudhuria watatu. Halimo, imeandikwa, alituma udhuru.

"Sikutuma udhuru. Ijumaa saa saba ni wakati wa swala. Nilimwambia mwenyekiti mara mbili."

Mulama akakohoa. "Ijumaa ndiyo siku Bwana Wanyoike alikuwa na gari," akasema.

 Faili likafungwa. Wanyoike akamvuta Patrobas pembeni, nyuma ya matangi ya maji. "Fundi, kazi yako mimi naipenda. Lakini wenye pesa wameandika wahusika wote waridhike, na si mimi niliyeandika. Nipatie kidole hicho Jumamosi ijayo. Jumatatu yake orodha ya mafundi inafungwa."

"Na akikataa?"

Aliyejibu ni Mulama, ambaye alikuwa amewafuata bila kuitwa. "Kamati si ndoa ya kanisa. Tutamtoa, tuweke mama mwingine. Tena anayejua kuandika."

Soda zilinywewa zote vilevile.

Nyumbani kwa Patrobas, Mbotela, palikuwa chumba kimoja cha baraza la jiji, na kitanda kilichoinuliwa juu ya matofali kuliko vitanda vya watu wengine. Sababu ni mabati. Chini ya kitanda yalilala mabati ishirini mapya, yaliyonunuliwa moja moja kwa miaka minne, ya kuezeka nyumba ya mkewe, Ayuma, huko Bungoma. Watoto walicheza kujificha juu yake na usiku aliyegeuka vibaya alisikia mlio. Ayuma hakuwahi kulalamika mlio huo. Kila mwanamke wa kwao aliyeolewa siku moja na yeye alishakuwa na nyumba nyumbani, yeye bado alikuwa akisimuliwa ukubwa wa madirisha.

Patrobas alilalamika tangu akivua viatu mpaka ugali ukaiva. Watu hawana shukrani! Watu wanataka choo kiwe msikiti! Ayuma alisonga, akapakua, akatenga sukuma wiki na omena. Hatimaye akaketi.

"Mama hajaenda haja tangu asubuhi," akasema.

Patrobas akasimamisha tonge. Mama mkwe wake alikuwa amekuja Nairobi kutibiwa macho. Kwao Bukusu, mkwe na mama mkwe hawalali paa moja wala hawashikani mikono, wakikutana njiani kila mmoja anatafuta ukingo wake, kwa hiyo bibi alifikia kwa binti yake mdogo, Triza, hapo hapo Mukuru, hatua thelathini kutoka vyoo vipya.

"Kwa nini asiende? Vyoo si viko wazi tangu juzi?"

"Baba Nafula, nani alivifungua?"

Hapo mkono ukarudi kwenye sahani. Alivifungua yeye. Fundi mzuri huijaribu kazi yake, na Alhamisi, saruji ilipokauka, Patrobas aliingia cha kwanza, akajifungia, akatoka akishangiliwa na vibarua, kisha akajaribu vilivyofuata mpaka cha sita. Tena alijisifu kwa kila mtu. Triza alisikia, na kwa ujinga wake akamsimulia mama kama kichekesho.

"Amesema hawezi kuchutama alipochutama mkwe wake," Ayuma akaendelea. "Anakwenda kule relini, na macho yale. Leo asubuhi ameanguka kwenye kokoto."

"Ee Mungu wangu." Patrobas alishasimama, anatafuta viatu. "Na wewe unanipakulia ugali tu! Naenda kwa Triza sasa hivi. Nitamwomba radhi kupitia kwake. Kesho alfajiri nachimba cha mama peke yake, nyuma ya nyumba, mtu mwingine asikanyage. Vibarua nitawalipa mimi. Aibu gani hii!"

Ayuma alimtazama akifunga kamba za viatu. "Ramani inasemaje?" akauliza.

"Ramani gani?"

"Ya vyoo. Inasema kitu juu ya mama wakwe?"

"Usilete mzaha, Mama Nafula. Huyo ni mama."

"Na Mama Sabrin ni nani?"

Patrobas akabaki ameinama, kamba mkononi.

"Mama yangu hukumuuliza kama ukuta umepinda," Ayuma akasema, na sasa sauti ilikuwa imekasirika kweli, maana alikuwa ameishikilia tangu mchana. "Hukumwambia choo ni choo. Umesikia tu kwamba hawezi, ukainuka. Yule mwingine amekwambia hawezi, ukampigia kelele mbele za watu."

"Unajua unalolisema? Sakafu sita! Zivunjwe, zimwagwe upya. Nani atanipa simiti? Shirika? Mulama?"

 Macho ya Ayuma, bila yeye kuyatuma, yalikwenda chini ya kitanda. Patrobas akayafuata. Mara moja Ayuma akajuta kufungua mdomo, akainuka akaosha sahani ambazo hazijaliwa.

Jumapili, baada ya kanisa, Patrobas alikwenda kwenye kibanda cha Halimo. Alikuwa amekunywa chai hapo kila siku kwa miezi miwili ya ujenzi, lakini leo benchi lilikuwa gumu. Vijana waliokuwa wakicheza drafti wakamwona.

"Niaje fundi! Umekuja kubembeleza kidole?"

"Kunyweni chai yenu," Halimo akawaambia. Akammiminia Patrobas kikombe cha chai ya iliki, akakiweka, akangoja. Patrobas alikunywa nusu kabla ya kupata pa kuanzia.

"Mama Sabrin, nilikupigia kelele jana. Haikuwa vizuri."

"Yamepita."

"Lakini niambie. Nilikuwa hapa kila siku. Ulikuwa unaniona nikimwaga sakafu. Kwa nini hukuniambia?"

Halimo akapangusa meza pasipokuwa na uchafu. "Wewe ni fundi wa shirika. Mimi mwanamke muuza chai. Nikwambieje mambo ya kuchutama? Nilimwambia mwenyekiti. Akasema sawa sawa, mama, sawa sawa."

Ile sawa sawa Patrobas aliijua. Yeye mwenyewe alikuwa akiitoa kila siku, kwa vibarua, kwa wenye mchanga, kwa Ayuma akiuliza madirisha. Akaomba aonyeshwe. Halimo alitazama kama vijana wameinamia drafti yao, kisha akachukua kibiriti, akakilaza mezani. "Chumba hiki. Mlango huku. Mtu anakaa hivi." Akaweka njiti juu ya kibiriti. "Hii ndiyo mmejenga." Akaigeuza njiti ikalala ubavu. "Hii ndiyo tunataka. Basi. Hatukutaka kingine."

Patrobas akainamia njiti, na ufundi ukamteka akasahau aibu. "Akigeuka hivi, mlango ukifungukia ndani utampiga goti. Lazima ufungukie nje."

"Fundi ni wewe."

"Na birika la maji mnaweka wapi?"

Halimo akamtazama kwa mara ya kwanza moja kwa moja. "Hakuna mtu aliwahi kuuliza. Chini, huku kulia. Lakini pale mmeweka mteremko, linaanguka."

"Pakiwa na kikalio kidogo cha saruji?"

"Pakiwa nacho ni vizuri." Akarudisha njiti ndani ya kibiriti. "Usivunje kwa ajili yangu, fundi. Najua watanitoa wiki hii. Mwenyekiti ameshamwambia Benta, wa kushika nafasi yangu, anoe kalamu."

Patrobas alitaka kulipa chai, Halimo akakataa pesa yake.

Jioni hiyo alimweleza Ayuma yote, hata njiti. Hakusema ameamua nini. Ayuma ndiye aliyepiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akavuta bati la kwanza.

"Shika upande huo," akasema, huku machozi yanamtoka na hayafuti. "Na usiniambie tutanunua mengine."

Mwenye duka la vifaa aliyapapasa moja moja, akakuta mikwaruzo ya watoto, akasema haya si mapya tena, haya ni mitumba, akakata bei. Patrobas alisimama pale akimwomba aongeze kidogo kama mtu asiyemiliki kitu, na Ayuma akatazama barabara. Zilitoka pesa za mifuko minane ya simiti, vyuma na mchanga.

Jumatatu asubuhi nyundo ikaanza. Mukuru ikajaa. Watu waliokuwa wameshaanza kuvitumia wakaja juu, huyu mtu amerogwa nini, choo kizima! Mulama alikuja mbio, koti upande mmoja.

"Patrobas! Nani amekuruhusu? Benta yuko tayari na kalamu!"

"Mwambie Benta asubiri, Mzee."

"Hii ni mali ya jamii unavunja!"

"Ndiyo. Na Mama Sabrin pia ni jamii." Akapiga nyundo, vumbi likamlazimisha mwenyekiti kurudi nyuma.  Kuvunja sakafu iliyotoka vizuri, uliyoimwaga mwenyewe, ni jambo linalouma, na alipofika ya sita alikaa kwanza juu ya ndoo kabla ya kuinua nyundo.

Jumanne alimwaga mpya, nyayo za kukanyagia zikilala ubavu, Makadara ikiwa begani. Katika kila chumba, upande wa kulia, akafinyanga kikalio cha birika. Jumatano akageuza milango yote ifungukie nje. Halafu akafunika sakafu kwa magunia, akawa anayanywesha maji asubuhi, mchana na jioni.

Wanyoike alifika Alhamisi, akainua pembe ya gunia. "Nimesikia nikadhani ni uongo," akasema. "Jumamosi zitakuwa tayari?"

"Hapana. Sakafu ya choo inanyweshwa siku saba. Ukiikatiza itapasuka, na chini yake ni shimo la futi ishirini."

"Fundi, Jumatatu orodha inafungwa." Wanyoike alipunguza sauti, na ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia. "Fanya hivi. Jumamosi funga milango, kamati wasimame nje, watie sahihi. Mama amekuona umegeuza, atatia. Kuingia wataingia wiki ijayo. Nani atajua?"

Lilikuwa jambo jepesi, na Patrobas alilitamani. Vyoo kumi na vinane! Mabati ishirini yangerudi, na mengine ishirini juu yake. Alitazama magunia yaliyolowa.

"Sahihi za watu waliosimama nje nilishazipata nne," akasema. "Hii moja nataka aingie kwanza."

Wanyoike akachezesha funguo za gari. "Basi sina la kufanya," akasema. Akasikitika kweli, na akaenda.

Mara ya pili hapakuwa na viti vya kukodi wala soda. Ilikuwa Jumamosi nyingine, orodha imeshafungwa, na Wanyoike alimwambia Patrobas kabla hata ya salamu: kazi imekwenda kwa fundi mmoja wa Kariobangi. Patrobas akasema asante kwa kumwambia mapema. 

Halimo alikuja na birika lake la plastiki. Watu wakanyamaza, jambo ambalo lilizidisha aibu, basi Ayuma akaanza kuzungumza kwa sauti juu ya bei ya nyanya na wanawake wengine wakamwelewa wakamsaidia. Halimo aliingia chumba cha pili. Komeo likalia. Bei ya nyanya ilijadiliwa mpaka ikaisha, wakahamia vitunguu. Mlango ukafunguka. Halimo akanawa mikono pole pole, akaliweka birika chini.

"Birika halikuanguka," akasema. "Leteni wino."

Alitia kidole, akakigandamiza kwenye karatasi kwa nguvu mpaka Wanyoike akamwambia inatosha, mama.

Watu walikuwa wanaanza kutawanyika pale Triza alipotokea kwenye kona, amemshika mkono bibi mmoja aliyejifunika leso mpaka usoni na bandeji ya jicho. Patrobas alipomwona, akageuka upesi akaukabili ukuta wake, pua karibu inagusa plasta. Vijana wakaangua kicheko. "Fundi amewekwa kona!" Hakugeuka. Kwenye sakafu hizi mpya hakuwa ameingia kwa haja yake hata mara moja. Kwa wiki nzima alivuka barabara hadi kiwandani kuwaomba walinzi choo, na Triza alitumwa kulifikisha hilo, neno kwa neno. Alisikia fimbo ikigonga njia, ikapita nyuma yake, ikafika. Alisikia mlango, na komeo. Akabaki pale, akiihesabu mistari ya mwiko kwenye plasta, mpaka fimbo ikapita tena na kupotea.

Jioni, Mbotela, kitanda kilikuwa bado juu ya matofali yake na Nafula na wadogo zake wamejaa chini yake, sasa kuna nafasi ya kukaa. Jumatatu Patrobas angerudi malangoni, alfajiri, na karai lake.  Ayuma alikuwa akichambua mboga.

"Mama amenituma kwako," akasema.

Patrobas akakaa vizuri, maana mama mkwe hakuwahi kumtumia neno hata siku moja.

"Amesema nikuambie milango inafunga vizuri. Na amesema," Ayuma akasimamisha kisu, "ametuoza miaka kumi na moja, na amekuwa akiulizwa kijijini mkwe wako amekujengea nini. Sasa ataenda kuwaambia ameingia nyumba yako moja, akafunga mlango, akakaa bila wasiwasi."

Patrobas aliinamisha kichwa. Alitaka kucheka, ikashindikana, akauliza tu kama mama ameshafika kwa Triza salama.

"Amefika," Ayuma akasema. "Kula."